Ukisogezewa Finyango na Mwalimu

Kwenye matanga ya Mwalimu watu walikaa uani kwake, kwenye mikeka yake, wakala wali kwenye masinia yake, halafu wakaanza kumsifu upole. Upole! Mama mmoja akasema, "Marehemu alikuwa mtu mnyamavu sana." Nilimwangalia yule mama mpaka akaacha kutafuna. Mnyamavu nani? Huyu huyu Mwalimu ambaye akikohoa hapa Bigwa bodaboda wa barabarani wanakaa vizuri kwenye pikipiki zao? Siku ile sikusema, kwa sababu wenye msiba walinishika shati. Lakini limenikaa kooni na leo nalitoa. Kama ni kumsema, tumseme alivyokuwa. Na kama ni kumcheka, mwenye ruhusa ni mimi. Wewe mwingine ukimcheka tutaonana.

Nianze na uma, maana yeye angeanza na uma.

Uma kushoto, kisu kulia, makali ya kisu yaangalie sahani. Alifundisha sayansikimu miaka na miaka, kazi ya kuwafundisha wasichana wa Mgeta, waliotoka kwenye milima ambako chakula unakula ukiwa umechuchumaa jikoni na moshi unakuliza, kupanga meza ya watu sita yenye glasi tatu kwa kila mtu. Na shule zenyewe glasi hazikuwa nazo. Kwa hiyo walikuwa wanachora kwa chaki juu ya dawati. Duara hili glasi ya maji, hili ya juisi, hili ya divai. Msichana akichora duara mahali pake anapata alama zote. Niliwahi kumwuliza, "Mwalimu, sasa hiyo divai walishaiona?"

"Wewe Kiberiti," akanijibu, "umeme unaoutengeneza ulishauona?"

Kiberiti ni mimi. Mimi ni fundi friji, nimejifunza kwenye simu na kwa kuunguza friji za watu, sikupita darasa la mtu yeyote, la kwake wala la nani. Nilikuwa jirani tu, ukuta kwa ukuta. Jina alinipa yeye, siku nilipotaka kumpiga mteja aliyesema friji yake nimeiroga. Alitokea dirishani akasema, "Hilo kiberiti limewaka tena?" Mtaa mzima ukalidaka.

Sebuleni kwake palikuwa na meza ya mninga, imepangwa masaa yote, vitambaa vimekunjwa vikasimama kama kofia ya askofu. Ukiingia unaogopa hata kupumua. Na hakuna mtu aliyekuwa anakula pale. Hakuna! Chakula cha kweli kilikuwa nyuma, uani, kwenye mkeka. Sinia moja la bati limekunjika ukingo, ugali katikati unafuka, mboga pembeni, mikono yote ndani: ya kwangu, ya mama yangu, ya yeyote aliyepita saa ya kula na kujifanya anaulizia chumvi. Na Mwalimu mwenyewe alikuwa anakata tonge kubwa kuliko la kwangu, na mimi ndiye kijana. Nikamwambia, mbona watu unawafundisha uma na wewe huushiki?

"Uma ni wa wageni. Wewe ni mgeni?"

"Hapana, Mwalimu."

"Basi nyamaza, chovya."

Kelele yake kubwa ilikuwa moja: "Kiwiko!" Ukiegemeza kiwiko popote penye chakula, umekwisha. Alikuwa anaipiga hata mbali na chakula. Bodaboda kaegemea tanki la pikipiki anachati, Mwalimu anapita na kikapu: "Kiwiko!" Mtu mzima ana ndevu, anakitoa kiwiko, anasema "Shikamoo Mwalimu." Padri alishakitoa. Mwenyekiti wa mtaa alishakitoa. Mimi mpaka leo nikiegemea kaunta ya duka najisikia kama naiba.

Na alikuwa na neno lake la kuua, "ushamba." Halisemi kwa mtu wa shambani hata siku moja. Mtu wa Mlali akija na gunia la nyanya, kapasuka miguu, huyo ataitwa mwanangu, atapewa maji. Ushamba ulikuwa wa wenye digrii. Mhadhiri mmoja alikuja kumsalimia akaongea na simu huku anatafuna, Mwalimu akamsubiri amalize, akamwambia kwa sauti nzuri kabisa, "Umesoma mpaka wapi, baba?" Yule akataja shahada zake kwa furaha. "Basi ushamba umesoma nao wote huo."

Nilikuwa nacheka mpaka nalala chini. Lakini ngoja mwingine amcheke yeye. Kuna harusi moja mshereheshaji alimwigiza namna anavyotembea, nyonga yake ilikuwa imeshaanza kumsumbua, ukumbi ukaangua kicheko. Nilishtukia niko jukwaani na kipaza sauti ninacho mimi. Sitaki kusema niliongea nini. Mwalimu alinivuta kanzu, akanirudisha kwenye kiti, akaniambia, "Umenitetea kwa matusi ambayo hata mimi sijawahi kuyasikia." Halafu akanisogezea soda yake.

Sasa kuna mambo mawili lazima uyaelewe kabla sijakupeleka kwenye baa, la sivyo hutaelewa kilichotokea huko.

La kwanza ni sheria ya meza. Mezani hapaletwi habari nzito. Meza ikishapangwa, hakuna deni, hakuna msiba, hakuna ugomvi, watu wanaongelea mvua. Na sheria hiyo ilikuwa na mkia wake: kwenye meza ya mtu mwingine, mgeni habishi. Ukiambiwa jambo baya na mwenye meza, unafuta mdomo, unasema asante, utajibu siku nyingine. Aliwafundisha hivyo wasichana, akawalea hivyo wanawe, na alikuwa anaifuata kama sala.

Usidhani ni ustaarabu mtupu, aliifanya silaha. Mwenyekiti wa mtaa alikuja siku moja kumwambia ua lake limeingia barabarani, lazima likatwe. Mwalimu akamwona tangu anakunja kona. Kufika mlangoni, "Karibu mezani, mwanangu," keki ya ndizi hiyo hapo, kitambaa magotini. Yule baba anafungua mdomo, "Mwalimu, mimi nimekuja kuhusu..." Mwalimu anatabasamu: "Mezani, mwanangu." Anaufunga. Anajaribu tena. "Mezani." Alitoka pale kabeba keki ndani ya karatasi, hajasema kitu. Ua likabaki barabarani, na malori ya kabichi kutoka Mgeta yanalikwepa mpaka kesho.

Uani kwenye sinia mambo yalikuwa tofauti kabisa. Pale kila kitu kilisemwa, tena kwa sauti ya juu: nani ana mimba, nani kauza bati za baba yake, nani ni mjinga. Mjinga mara nyingi nilikuwa mimi. Na Kiluguru kilikuwa kinamtoka pale kwenye sinia, Kiswahili chake cha darasani anakiacha sebuleni na vitambaa.

La pili ni finyango. Nyama kwenye sinia lake ilikaa katikati mpaka yeye aigawe, kwa kidole, anaisukuma mpaka upande wako. Sasa mimi nilitaka kujenga kibanda cha ufundi kwenye ukuta wake wa mbele, nikamwomba tukiwa tunakula kuku. Nikaeleza vizuri, faida zake, usalama, taa ya bure. Akaangalia sinia, akachagua firigisi. Firigisi, jamani! Ile anayoila mkubwa wa nyumba peke yake. Akaisukuma kwa kidole mpaka ikagusa tonge langu. Nikaila kwa raha zangu, kesho yake asubuhi nikaja na mbao na misumari.

"Unaenda wapi na hizo mbao?"

"Si kibanda, Mwalimu? Jana si umekubali?"

"Nimekubali lini? Si nilikupa firigisi?"

Mama yangu ndiye aliyenieleza, amecheka mpaka machozi. Mwalimu alikuwa hajui kusema hapana kwa mtu anayempenda. Akikukatalia, anakupa kipande kizuri kuliko vyote. Ukisogezewa finyango na Mwalimu, ujue ombi lako limezikwa, na wewe ndiye unayekula wali wa matanga.

Haya. Sasa twende baa.

Kule Forest, kwenye mitaa yenye mageti makubwa, ilifunguliwa baa ya Kihispania. Watu wa Dar wanaokuja wikiendi kwa treni ya umeme kupiga picha mlima wakaigombania. Vijana wa kijiweni tukawa tunauliza wanauza nini, tukaambiwa tapasi. "Tapeli?" akauliza mmoja. Akaambiwa hapana, tapasi, vitafunwa vya Kihispania. Mimi niliitwa kutengeneza friji lao la waini, nikaingia, nikaona, nikatoka nikawaambia wenzangu kwamba yule aliyeuliza mara ya kwanza alikuwa amesikia sawasawa.

Mhispania mwenyewe, mwenye baa, ni mtu wa Ngerengere. Kaishi Hispania, sikatai, karudi na kofia na masharubu na "ola" yake. Ukimwambia habari za asubuhi anakujibu "ola." Lakini siku nilipounganisha waya vibaya ikapiga cheche, alipiga kelele kwa Kiswahili cha Ngerengere safi kabisa, hakukosea hata herufi.

Wakati huo Mwalimu alikuwa ameshaanguka. Masika, sakafu ya bafuni inateleza, akaanguka akashindwa kuinuka, akawa anagonga ndoo kwa kata mpaka mama yangu akasikia. Nyonga. Akapona, ila akawa anatembea na fimbo, na wanawe wakaanza vikao vya simu. Mkubwa wao anaishi Dar. Tumwite Meneja, maana ndivyo anavyojitambulisha, nafikiri hata kwa mama yake mzazi. Huyu akaamua mama ahamie kwake, nyumba ya Bigwa ipangishwe. Mpangaji keshapatikana. Mtaa mzima ulijua. Mwalimu naye alijua, ila kila Meneja akiligusa kwenye simu, mtandao wa Mwalimu ulikuwa unakatika ghafla. Akija mwenyewe, anakalishwa mezani. "Mezani, mwanangu." Anarudi Dar na keki.

Sasa jamaa naye si mjinga. Akafikiria. Jumamosi moja akaja na mkewe, akasema, "Mama, leo nakutoa. Nakupeleka mahali pazuri ukale."

Mwalimu akatoa kichwa dirishani. "Kiberiti! Unakuja. Vaa shati lenye kola."

Meneja aliniangalia kama bili ya maji. Nikapanda gari, nikakaa mbele.

Kufika pale, Mhispania wa Ngerengere akaja mikono imefunguka, "Ola! Ola!"

"Marahaba," akasema Mwalimu.

Yule bwana akasimama na mikono yake hewani. Akaishusha. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba mara ya pili."

Viti vyenyewe vilikuwa virefu kama vya mlinzi wa shamba. Mtu ana nyonga mbovu! Nikataka kuwasha moto pale pale, Mwalimu akanigusa kwa fimbo, nikamnyanyua, akakaa juu huko miguu inaning'inia, mkoba magotini, mgongo umenyooka utadhani anapigwa picha ya pasipoti. Meza ni mbao chakavu, haina kitambaa. Juu ya kaunta umening'inia mguu mzima wa kitimoto, na kwato zake, mkavu. Jamaa mmoja wa kaunta anaukata vipande vyembamba kama karatasi na watu wanakula hivyo hivyo.

"Hakijaiva," Mwalimu akasema.

"Ndivyo kinavyoliwa, Mama, kimekaushwa," akasema mke wa Meneja. Mama mstaarabu, simlaumu, ila alikuwa anaongea na Mwalimu kama anaongea na mtoto anayelala.

"Na mwenzetu huyu hali. Kiondoeni upande wake," Mwalimu akasema, akanionyesha. Kikaondolewa.

Ikaja waini. Mhudumu, binti mmoja wa Mlali ambaye mama yake alipita darasani kwa Mwalimu, akammiminia Meneja tone. Tone! Meneja akalizungusha, akalinusa, akafumba macho, akatikisa kichwa kama mganga. Mwalimu akamwangalia mwanawe kwa makini. Halafu akaangalia mbele yake, glasi moja tu, fupi, na uma mmoja umelala popote. Nikamwona anachora kwa kidole juu ya mbao, duara dogo, na duara lingine pembeni yake. 

Vyakula vikaanza kuja kwenye visahani vya kuwekea vikombe. Mwalimu akadhani ni vya kuonja. Tukawa tunasubiri chakula. Kikaja kitu kinaitwa tortiya, kipande cha pembetatu, cha njano, baridi. Nikakikata. Viazi na mayai.

"Hii ni zege," nikasema.

"Ni tortiya," akasema Meneja.

"Bro, hii ni chipsi mayai. Zege! Tena imelala. Hata kachumbari hamna!"

"Kiberiti," Mwalimu akasema, "mezani."

Nikanyamaza. Na Meneja aliposikia hilo neno, nikaona mabega yake yanashuka, kama mtu aliyekuwa anasubiri mlango ufunguke. Akafuta mdomo. Akasema, taratibu, kwa sauti yake ya ofisini, "Mama, kwanza karibu sana. Leo wewe ni mgeni wangu. Tumekaa sisi watoto wako, tumeamua. Mwisho wa mwezi huu unakuja Dar. Chumba chako kiko tayari."

"Kina AC, Mama," mkewe akaongeza.

Ndipo nikauona mchezo. Huyu mtu kalelewa kwenye ile sheria, anajua mkia wake. Kwake Bigwa mama ndiye mwenye meza, anamfunga mdomo. Hapa mwenye meza ni yeye, na mgeni habishi. Kamtoa mama yake nyumbani, kampandisha juu ya kiti ambacho hawezi hata kushuka mwenyewe, akamfunga kwa adabu ambayo mama mwenyewe ndiye aliyemfundisha!

Na ilikuwa inafanya kazi, hilo ndilo lililoniuma. Mwalimu aliweka mikono magotini. Akakunja midomo. Akafuta pembe ya mdomo ambayo haikuwa na kitu. Nikajua neno linalofuata ni asante, na akishasema asante imekwisha, ni mtu wa kusimamia neno lake. Nikafungua mdomo, fimbo ikanikanyaga kidole cha mguu chini ya meza. Macho yake yalikuwa mekundu.

Binti wa Mlali akaja na kisahani kingine, vinyama vya mviringo, kababu kabisa, vitano, akakiweka katikati.

Mwalimu akamwuliza, sauti ndogo sana, "Binti, sahani yangu iko wapi?"

"Hapa hatuweki sahani ya mtu, Bibi. Vinakaa katikati, kila mtu anachukua."

"Kila mtu kwenye kisahani hicho hicho?"

Mhispania akasikia, akaja mbio, hapo ndipo pake. "Ndio utamaduni wa Hispania, Mama! Sahani moja, watu wote. Hakuna utaratibu, hakuna nani anaanza. Mnakula, mnaongea, mnapiga kelele. Hata mkono ruksa!"

"Mkono?"

"Ruksa kabisa! Kule kwao ndio raha yenyewe."

Mwalimu akamwangalia yule bwana muda mrefu. Nikaona uso wake unafunguka taratibu, kama ukungu unapotoka mlimani asubuhi. Akauchukua ule uma akauweka mbali. Akakunja kitambaa.

"Niletee maji ya kunawa," akamwambia binti.

"Maji ya kunawa, Bibi?"

"Na sabuni."

Likaletwa bakuli la saladi, hakukuwa na chombo kingine. Akanawa, mkono wa kulia, taratibu, baa nzima inaangalia. Akachukua zege kwa vidole vitatu, akala, akatafuna mpaka mwisho.

"Kwa hiyo hii siyo meza," akasema.

"Mama?" akasema Meneja.

"Hili ni sinia. Wameliinua juu ya miti tu." Akamgeukia. "Na kwenye sinia mimi naongea."

Jamani. Mimi nimeshasikia watu wakisemwa, na nimeshasemwa mimi mwenyewe, lakini ile sikuwahi kuiona. Alianza kwa Kiswahili cha darasani, katikati kikaingia Kiluguru, watu wa Dar wakashusha simu zao.

"Umenileta hapa ukijua nitanyamaza. Nimekufundisha adabu ukale na watu, wewe umeifanya kamba ya kunifungia! Umepata mpangaji wa nyumba yangu kabla hujanipata mimi!"

"Mama, watu wanasikia."

"Wasikie! Kwenye sinia watu husikia. Nilianguka bafuni, ndiyo. Bafu langu. Nikianguka pale nimeanguka kwangu, nagonga ndoo, jirani anakuja. Nikianguka kwako nitakuwa nimeanguka ugenini. Nitagonga nini huko, AC?"

"Mwambie, Mwalimu!" nikasema.

"Wewe kula!"

Nikala.

Meneja alikuwa ameinamisha kichwa. Nilifikiri amenuna. Alipokiinua nikaona amekuwa mtoto tu, ofisi yote imemtoka usoni. Akasema, bila ile sauti yake, "Mama, siku uliyoanguka nilipigiwa simu niko kazini. Nimeendesha kutoka Dar mpaka hapa. Pale Chalinze simu ikaita, nikashindwa kuipokea. Nilikuwa najua ni ya kuniambia nakuja kuzika. Niliiacha ikaita mpaka ikakata. Sitaki kuisikia tena simu hiyo, Mama. Nakuomba. Njoo nikuone kila siku."

Nilikuwa nimemwandalia tusi zuri, likaishia njiani.

Kwenye kisahani kilikuwa kimebaki kinyama kimoja, kila mtu alishakula chake, hicho kimoja kimekaa katikati kwenye mchuzi wake, kila mtu anakiona na hakuna anayekigusa. Mwalimu akakiangalia. Akanyoosha kidole. Akakisukuma, taratibu, kikaacha mstari mwekundu kwenye kile kisahani, mpaka ukingoni, upande wa mwanawe.

Mke wa Meneja akapiga makofi madogo. "Asante, Mama! Jamani, tumekubaliana! Nilikwambia mama ataelewa."

Nikamwangalia Meneja. Alikuwa anakitazama kile kinyama. Sijui utotoni alisogezewa vingapi.

"Hapana," akamwambia mkewe. "Amekataa."

Akakichukua kwa vidole. Akakila polepole, macho chini, mkono umeshika kichwa, kiwiko juu ya meza. Mwalimu akakiona kile kiwiko. Nilimwona anakiona, nikamwona anavuta pumzi ya kusema. Akakiacha.